Sifuri ya Kurithi

Mwalimu mkuu alipofika kwenye jina la binti yangu alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Kiswahili, sifuri. Hisabati, sifuri. Sayansi, sifuri. Akaendelea hivyo mpaka somo la sita, na kila aliposema sifuri wazazi wa benchi la nyuma waliitikia kama kiitikio cha ngoma. Ulikuwa mkutano wa wazazi wa darasa la saba, kusoma matokeo ya mtihani wa majaribio, na utaratibu wa shule ile ni kwamba matokeo yanasomwa kwa sauti, mtoto amesimama mbele na mzazi wake pembeni, kama watu wanaopigwa picha ya harusi.

"Mama Daktari," mwalimu mkuu akaniambia, "mimi nimefundisha miaka mingi. Mbuzi akiikanyaga karatasi hii ya kuchagua majibu, kwato zake zitapata hata saba, nane. Huyu wako kashindwa na mbuzi."

Watu wakacheka. Mama mmoja muuza vitenge alicheka mpaka akashika ukuta.

Mimi sikucheka, kwa sababu mimi peke yangu mle ndani nilijua maana ya sifuri ya namna ile. Mtoto asiyejua kitu hapati sifuri. Anabahatisha, anaokota mbili tatu. Sifuri safi, ya masomo sita, anaipata mtu anayejua majibu yote na kuyakwepa moja moja. Nilijua kwa kuwa na mimi niliwahi kuipata.

Nikamkamata kola. "Nani kakutuma? Sema! Nani kakutuma ukosee?" Kabla hajafungua mdomo, mkono wangu ulishafika shavuni kwake. Kofi lile lilisikika mpaka kwa watoto wa chekechea, wakaacha kuimba.

Binti yangu hakulia. Alinyoosha kola yake, akaniangalia kama mtu tuliyekutana stendi, akainama kidogo kwa adabu.

"Shikamoo, mama," akasema. Akatoka.

Baada ya hapo, kwa siku tisa, hakuniambia neno jingine ila hilo.

Sasa ngoja nirudi nyuma, maana kofi lile halikuanzia kwenye mkono wangu. Kuna watu walilianzisha, na leo nitawataja. Majina yao wanayajua wenyewe, mimi nitawataja kwa nafasi zao.

Wa kwanza ni baba yangu. Nimezaliwa Samuye, kwenye boma lililokuwa na ng'ombe wengi kuliko vikombe. Shuleni nilikuwa wa kwanza tangu darasa la tatu, na sisemi kwa kujisifu, kwa sababu hakuna kilichonifaa. Siku moja kabla ya mtihani wa kumaliza darasa la saba, baba aliniita zizini. Mambo mazito yote ya kwetu yalizungumzwa zizini, ng'ombe wakiwa mashahidi.

"Ng'wanone," akaniambia, yaani mwanangu, "kesho utaandika. Lakini usiandike sawa."

"Nisiandike sawa vipi, baba?"

"Vibaya. Ukifaulu utakwenda sekondari. Ukienda sekondari, kaka yako ataoa na nini?"

Usidhani baba yangu alibuni jambo. Wasichana wengi wa kijiji kile waliambiwa hivyo hivyo na baba zao, kila mmoja kwenye zizi lake. Ila wenzangu walikuwa na akili ya maisha: walikosea nusu, nusu wakaiacha ijiendee. Mimi nilikuwa mtiifu. Mimi ukiniambia fagia, nitafagia mpaka chini ya kuku anayeatamia. Basi nilikaa kwenye dawati langu, nikasoma kila swali, nikatafuta jibu lake sahihi, nikahakikisha ndilo, halafu nikaweka alama kwenye jirani yake. Hesabu ngumu nilizirudia mara mbili, nisije nikapatia kwa bahati mbaya. Nilimaliza kabla ya wote na nikakunja mikono kama mtu aliyetenda jema.

Wa pili ni mwalimu mkuu wa wakati ule. Matokeo yalipofika aliona, na alijua, kama nilivyojua mimi siku ya kofi. Alikuja nyumbani, akakaribishwa mbuzi, na wakati anajichokonoa meno alimwambia baba, "Mzee, binti yako angeacha hata moja tu ya kudanganyia." Wakacheka wote wawili. Nilikuwa nimepiga magoti nawanawisha mikono. Mwalimu huyo sasa amestaafu, anakaa Ibadakuli, anafuga kuku wa kisasa, na wanasema ana afya nzuri.

Wa tatu ni kaka yangu. Alioa kwa ng'ombe waliotoka kwangu mimi. Ng'ombe hao walitoka kwa mtu mzima wa upande wa Mwadui, mwenye wake wawili na baiskeli moja. Kwake sitawapeleka, leo si siku yake. Itoshe tu kwamba siku nilipoondoka sikumwachia hata kwaheri, na baiskeli niliondoka nayo.

Ndiyo nikafika huku kwenye dhahabu, Geita, nikawa mama lishe kando ya karasha. Karasha ni ile mashine ya kusaga mawe, na vumbi lake hugeuza kope za kila mtu kuwa nyeupe, kijana na mzee mnafanana. Hapo nikampata binti yangu ukubwani. Baba yake alikuwa mchimbaji, alifuata dhahabu mkoa mwingine, na mpaka leo anaifuata.

Siku mtoto aliposimama dede nilimshika mikono yote miwili nikamwambia, wewe utakuwa daktari. Kuanzia siku hiyo hakuitwa jina jingine. Mimi nikawa Mama Daktari. Wachimbaji wakitoka duarani, yaani kwenye mashimo ya dhahabu, walikuja kula na kumwonyesha magonjwa yao.

"Shikamoo, Daktari! Hebu tazama goti hili."

Mtoto wa miaka mitano, kashika kijiko, anatazama goti. "Pole," anasema.

"Naandikiwa dawa gani?"

"Ugali."

Wanacheka, wanaagiza sahani ya pili. Mimi biashara inakwenda, roho inatulia. Sikuona kwamba alipofika miaka kumi, akiona mchimbaji anachechemea anakuja, alijificha nyuma ya viroba vya unga.

Nilimlea kama yai. Hakuchota maji, hakumenya hata kitunguu, hakucheza rede na wenzake kwa sababu mpira ungemgonga kichwani, na kichwa kile kilikuwa na kazi. Viatu nilimfunga mimi kamba mpaka darasa la tano. Mtu akimuuliza, "Hujambo?" nilijibu mimi, "Hajambo." Kila asubuhi ya mtihani tumbo lilimsokota, na mimi nikampa dawa ya minyoo. Mtoto yule alikunywa dawa ya minyoo mpaka nadhani minyoo ya majirani ilihama. Alipoanza kula kucha nilimpaka pilipili vidoleni. Akaizoea. Leo ndiye mtu anayekula pilipili kuliko wote pale kibandani, na mimi ndiye niliyemfundisha.

Kwa hiyo siku ya sifuri sita nilirudi nyumbani nikiwa na uhakika wa jambo moja: kuna mtu wa kwetu amemrudishia mwanangu maneno ya zizini. Likizo ya Juni alikuwa ameitumia Samuye, kwa babu yake, ambaye sisi tunamwita guku. Nikampigia kaka.

"Mmemwambia nini mwanangu?"

"Dada, salamu kwanza."

"Salamu utaikuta mbele. Mmemwambia nini?"

"Mimi nilimwambia achunge mbuzi. Akaniuliza mbuzi wana majina? Nikamwambia hawana. Akashinda siku nzima anawapa majina, mbuzi mmoja akapotea."

"Nani kamwambia afeli?"

"Afeli kwa nini? Dada, mambo hayo yamekwisha. Siku hizi huku wasichana wanasoma. Wangu mwenyewe yuko chuo cha ualimu, mwaka wa pili."

Nilikaa chini kwenye ndoo iliyokuwa na maji. Nililowa na sikuinuka. Binti yake yuko chuo! Mke alipatikana kwa ng'ombe wangu, binti akazaliwa na mke huyo, naye anasoma. Mimi ndiye niliyemsomesha bila kualikwa hata kwenye mahafali.

Siku tisa zikaenda. Asubuhi shikamoo, jioni shikamoo. Akitaka kitu alipitia kwa wateja.

"Mjomba," anamwambia mchimbaji mmoja mnene kutoka Kigoma, "mwambie mama chumvi imezidi kwenye dagaa."

"Mama Daktari, Daktari anasema chumvi imezidi."

"Mwambie anayeona imezidi apike yeye."

"Daktari, mama anasema..."

"Nimesikia, mjomba. Mwambie hajawahi kuniruhusu."

Mjomba aliweka kijiko chini. "Jamani, mimi nimekuja kula."

Siku ya kumi, mchana, nilikuwa nageuza maandazi, mafuta yakaniruka mkononi. Nikapiga yowe. Wachimbaji wakainuka wote. "Daktari! Daktari, njoo! Daktari!" Wakati huo huo umeme ukakatika, karasha ikanyamaza, na eneo zima likawa kimya kama kanisa siku ya kazi. Katika kimya hicho sauti ya binti yangu ilisikika mpaka kwenye maduara.

"Mimi siyo daktari! Nikiona damu natapika!"

Hakuna aliyetafuna. Mjomba wa Kigoma alimeza tonge zima.

Binti akaja, akanishika mkono, akauzamisha kwenye beseni la maji baridi na kuushikilia humo.

"Umeongea," nikamwambia.

"Nimeongea."

"Nani alikutuma ukosee?"

"Hakuna. Guku alinisimulia tu. Alikuwa anacheka, mama. Alisema duniani hajaona mtoto mtiifu kama mama yako, aliambiwa akosee, akakosea yote. Nikataka kujua kama kweli inawezekana. Ni ngumu."

"Hisabati?"

"Hisabati nilirudia mara mbili."

"Na zile za mwisho, za kujaza mwenyewe bila kuchagua?"

"Nilifanya mpaka jibu, halafu nikaongeza moja."

"Mimi nilipunguza moja," nikasema.

Tukaangaliana. Mungu anisamehe, tulicheka. Tulicheka mkono wangu ukiwa ndani ya beseni, kama mafundi wawili wa kazi moja waliokutana njiani. Kisha nikakumbuka kwamba mmoja wa mafundi hao alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kicheko kikaisha.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nilitaka kitu kimoja kiwe changu."

"Sifuri?"

"Ndiyo ilikuwa karibu."

Nikamuuliza basi anataka kuwa nani. Akasema hajui. Nikamwambia lazima kuna kitu, nesi, mwalimu, mwanasheria, mimi siyo mkali, achague. Akautoa mkono wangu majini, akautazama, akaurudisha.

"Nataka kutojua kwanza, mama. Darasani wote wanaruhusiwa kutojua, isipokuwa mimi."

Nikasema maji yamepata joto. Akabadilisha maji. Halafu akasema neno ambalo nimelala nalo mpaka leo.

"Guku alikuambia usiandike sawa. Wewe unaniambia niandike sawa. Yote ni ya guku. Wewe una swali lako na yeye, mama, hujawahi kumuuliza. Unalileta kwangu. Mimi siyo jibu lako."

Mtu akikuambia hivyo kwa ukali unaweza kumpiga kofi la pili. Yeye alisema huku ananipuliza mkono.

Nilimwomba radhi kwa kofi. Ilinichukua muda, maana kwetu hatukufundishwa mzazi anaanzaje. Nilianza kwa kusema, "Lile kofi..." nikasimama. Nikaanza tena, "Siku ile pale shuleni..." nikakwama. Akasema, "Endelea, mama, hakuna anayekuhesabia dakika." Mara ya tatu likatoka.

Tukawekeana masharti, yake mengi, langu moja. Langu lilikuwa asipate tena sifuri kwa makusudi, akikosa akose kama watu. Yake: apike siku moja kwa wiki, acheze rede, achague mwenyewe kitabu cha kusoma na saa ya kukifunga, na siku za mtihani wa taifa nisisimame kwenye uzio wa shule. Tena akabandika kipande cha boksi kwenye nguzo ya kibanda, maandishi makubwa: HAPA HAKUNA DAKTARI. ZAHANATI IKO MBELE.

Wachimbaji walikisoma wakaguna. Kesho yake wakaanza kuniita Mama Hakuna.

Jumamosi alipopika kwa mara ya kwanza, ugali ulitoka mbichi katikati na umeungua pembeni. Wanaume wale wanaoingia chini ya ardhi kwa kamba walikaa mbele ya sahani wakatazamana kwa hofu.

"Mama Hakuna," mjomba wa Kigoma akauliza polepole, "huu unaliwa kuanzia wapi?"

Mkono wangu uliondoka wenyewe kuuchukua mwiko. Binti akaniangalia. Nikaurudisha mkono mfukoni mwa aproni na nikaushikilia humo kwa nguvu. Ni kazi ngumu kuliko kupika. Jumamosi ya tano ugali uliiva.

Tumbo halikupona lote. Wiki ya mtihani lilimsokota tena, lakini safari hii sikukimbilia dawa ya minyoo. Nilikaa naye kwenye kigoda, nikauliza linauma wapi, akasema hapa, nikasema na langu hapo hapo. Tukakaa na matumbo yetu.

Asubuhi ya mtihani, Septemba, alifunga kamba za viatu mwenyewe, fundo kubwa kama ngumi. Maneno yalinijaa mdomoni. Andika sawa. Soma swali mara mbili. Usisahau jina. Nilisikia zizi lote ndani ya koo langu.

"Nenda," nikamwambia.

"Nenda tu?"

"Nenda tu."

Akaenda, hakugeuka nyuma. Mimi, ili nisijikute kwenye uzio, nikapanda basi la kwenda Shinyanga. Mtihani wake ni siku mbili. Nikasema hizo siku mbili na mimi nitafanya wangu.

Baba nilimkuta uani kwenye kiti chake cha kamba. Zizi limebaki miti michache na nyasi. Kaka akaitwa, akaja na kofia mkononi kama anayekuja msibani. Wifi akaleta maji na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, iliyochemshwa na karanga, chakula ninachokipenda kuliko vyote, na naamini walijua. Sikukigusa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja na nani?"

"Nimekuja na swali."

Akaweka kiganja nyuma ya sikio. Masikio ya baba yangu husikia ng'ombe akikohoa kijiji cha pili, lakini siku hiyo yalikuwa yamechoka. Nikavuta kigoda mpaka magoti yetu yakagusana.

"Kwa nini uliniambia nisiandike sawa?"

"Ah. Watu wote walifanya hivyo wakati ule."

"Watu wote hawakuniita zizini. Uliniita wewe."

"Dada," kaka akaingilia, "hayo ya zamani. Mzee mwenyewe unamwona alivyo."

"Wewe ngoja, zamu yako inakuja. Na binti yako aliyeko chuo, siku moja mwambie ada yake ya kwanza ilitoka wapi."

Akatazama ndani ya kofia yake kama kuna jibu limeandikwa humo.

Nikamwambia baba: ng'ombe walikwisha zamani, sikuwafuata. Ulijua kwamba najua. Ungekuwa na mtoto mjinga usingehangaika kumwita. Uliichukua akili yangu, ukaituma ijifukie yenyewe, na ilipotii ukaifanya hadithi ya kuchekesha wajukuu. Mwanangu aliisikia hadithi hiyo, na karibu aifukie yake.

Aligeuka akatazama nyasi za zizini. Mwisho akasema, "Nitafikiri."

"Fikiri," nikasema. Nikalala kwa wifi siku mbili, nikamkumbusha baba asubuhi na jioni. Jioni ya siku ya pili simu ikalia. Binti yangu.

"Nimemaliza, mama. Usiniulize."

"Sikuulizi."

"Guku kajibu?"

"Anafikiri."

"Muda wake unaisha lini?"

Nikacheka, naye akacheka, akasema anakwenda kucheza rede kabla jua halijazama.

Naandika haya matokeo yake hayajatoka. Nayasubiri, na kusubiri nimejifunza. Jibu la kwako, baba, silisubiri hivyo. Ile hadithi uliyoisimulia unacheka, nataka uisimulie tena mbele ya wajukuu wote, wa kwangu na wa kaka, bila kucheka, na ukifika pale zizini useme kwa nini. Kaka awe amesimama pembeni yako, kama sisi tulivyosimamishwa. Na yule mwalimu wa Ibadakuli aache kuku wake siku moja, aje aseme aliona nini kwenye karatasi yangu na kwa nini alinawa mikono.

Mimi niliandika kama nilivyoambiwa. Sasa karatasi iko mbele yenu. Swali ni moja, na si la kuchagua. Nijibuni.